Walengwa wa Mlango wa Bluu

Vijana wangu wa ofisini, mmeniomba niandike historia ya ofisi yetu "kabla sijasahau". Nawashukuru kwa heshima hiyo, ingawa hilo neno "kabla" limenifanya niende kupima presha.

Nimestaafu mwezi wa pili sasa, na bado saa kumi na moja alfajiri nimeshavaa viatu. Mume wangu ananiuliza, "Unaenda wapi, Somoe?" Basi badala ya kwenda, nakaa mezani naandika, na nikiandika moyo unanidunda kama vile mambo haya yalitokea jana, hapo Msimbazi, na mimi ndiyo kwanza nimerudi nyumbani nikiwa na tope hadi magotini.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Mishahara mnaijua. Vyeo nilipata viwili, na cha pili kilikuwa kile kile cha kwanza kilichobadilishwa jina.

Ofisi yetu ilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo wafadhili walilipenda kwa sababu lilikuwa na kifupisho kizuri. Mtaani hakuna aliyelijua. Watu waliita Mlango wa Bluu, kwa kuwa fundi aliyetupakia rangi alikuwa na kopo moja tu lililobaki baada ya kupaka geti la shule. Kazi yetu kwenye karatasi ilikuwa "kupambana na umaskini katika maeneo ya Kariakoo, Msimbazi na bonde la Jangwani". Tulikuwa watu wanne na baiskeli moja.

Nilifika nikiwa na miaka ishirini na minne, mgeni kutoka Lindi, na cheti cha maendeleo ya jamii ndani ya bahasha ya plastiki. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino nilivyonunua Kariakoo jana yake. Aliyenipokea alikuwa Mzee Mponda, mwanamume mwembamba wa Masasi ambaye ujana wake wote alikuwa bwana afya, wale waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo na mitungi ya maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Basi twende."

"Naomba kwanza unionyeshe meza yangu, niweke mkoba."

"Meza?" Akageuka kutazama chumba kizima kama mtu anayetafuta meza kwa dhati. "Hiyo hatuna. Tuna barabara."

Akanipeleka sokoni, upande wanakoshusha mazao. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Magunia ya viazi ya lumbesa, yaliyoshonewa kilemba juu, yalikuwa yanashuka kutoka kwenye malori na kupanda migongoni mwa watu, na wale watu walikuwa wanakimbia! "Mzigooo! Dada, pembeni! Mzigooo!" Mkokoteni mmoja ulinipitia karibu sana hata kisigino kikabaki kwenye ufa wa lami, nami nikaendelea na safari nikichechemea.

Mzee Mponda akanipa kazi ya kwanza. Niwaulize makuli kumi, kila mmoja amekula nini tangu jana. Nikatoa daftari na kalamu, nikauliza kwa adabu zote, nikaandika. Baada ya saa nzima nikamletea. Akavaa miwani.

"Wali nyama. Wali nyama. Wali kuku. Wali nyama." Akasoma hadi wa kumi. "Kumbe Kariakoo watu wanakula vizuri hivi! Tufunge ofisi."

Kisha akaenda kuketi juu ya gunia karibu na mwanamume mmoja wa rika langu, mwenye shingo nene, aliyekuwa anapumzika kivulini. Akamsalimia, wakazungumza habari za korosho, za mvua za kusini, za mpira. Sikuona wapi hasa swali liliulizwa. Nilisikia jibu tu. "Mzee, tangu jana mchana nina chapati moja. Ukila sana asubuhi huwezi kubeba, na ukibeba sana jioni huwezi kula." Huyo alikuwa Chande, mtu wa Newala. Alikuwa mmoja wa wale kumi wangu. Kwangu alikuwa amekula wali kuku.

"Kalamu ikitoka mfukoni," Mzee Mponda akaniambia tukirudi, "ukweli unatoka mlangoni."

Kesho yake nilivaa kandambili.

Yapo mengine aliyonifundisha ambayo nayaandika hapa kwa sababu hayamo kwenye miongozo yenu ya kazi. Piga hodi mara tatu, usipoitikiwa ondoka, hata kama redio inaimba ndani. Mwenye nyumba akikaa mkekani, wewe usikubali kiti. Ukipewa maji, kunywa. Na usiahidi kitu ambacho kinategemea sahihi ya mtu mwingine. Hili la mwisho nililivunja mwaka wa kwanza tu, na lilinikutanisha na Tatu.

Mwaka huo tulikuwa tumepata mradi wa batiki. Wafadhili walitaka wanawake wa bondeni wafundishwe kutia vitambaa rangi wavipeleke sokoni. Nilikuwa na furaha isiyo kifani! Niliingia bondeni na fomu, nikiahidi kila mwanamke kwamba maisha yatabadilika. Tatu alikuwa mama lishe. Alipikia kando ya mtaa wa Msimbazi, na aliishi Jangwani na mama yake mzazi, Bi Mwanaidi, ambaye miguu ilikuwa imeshamkatalia. Nilibisha hodi kwake mara ya kwanza, akachungulia, akaona fomu, akarudisha pazia. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akazungumza na mimi akiwa nyuma ya pazia.

"Dada, nyie mnakuja na karatasi, mnaondoka na karatasi. Sasa mimi hapo nabaki na nini?"

Wanawake wengine walikubali. Tulitoa batiki nyingi, zote za zambarau, kwa sababu ndiyo rangi pekee iliyonunuliwa na mradi. Soko halikuzitaka. Mwisho ofisi nzima ilishona mashati ya zambarau, na kwa mwaka mzima tulionekana kama kwaya iliyopotea njia.

Mara ya nne nilienda kwa Tatu mikono mitupu. Sikuwa na fomu, wala sikuwa na la kusema. Alikuwa anachambua maharage. Akafungua pazia, nikakaa mkekani, nikaanza kuchambua naye. Tulipomaliza ungo wa pili akasema mwenyewe.

"Sisi tunataka maji. Maji yanayojulikana yalipotoka. Ninaponunua dumu kwenye mkokoteni, najua limetoka wapi? Wateja wangu wakiumwa tumbo, ni mimi. Wakihara, ni mimi. Batiki nitampikia nani?"

Nilikimbia hadi ofisini. Namaanisha nilikimbia, kandambili mkononi. Mzee Mponda akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Safi. Wafadhili wanakuja Alhamisi. Utawaambia wewe."

"Mimi?"

"Mimi ni mzee, nitaogopa."

Alhamisi wakaja, wakiongozwa na bwana mmoja mpole mwenye miwani. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini ulimi ulinata. Nikawapeleka tu kwa Tatu, kando ya mtaa, mchana wakati wa msongamano wa wateja. Tatu akawakaribisha kwenye benchi, akampakulia yule bwana sahani ya wali maharage, na mchicha juu, chakula kinachonukia vizuri hasa.

"Karibu, baba. Ule ushibe. Maji niliyopikia sijui yametoka wapi, lakini karibu sana."

Kijiko kilisimama katikati ya sahani na mdomo. Yule bwana akamtazama Tatu, akatazama dumu la njano lililokuwa limesimama pale, akatazama makuli wawili waliokuwa wanakula bila wasiwasi. Halafu, na kwa hili namheshimu hadi leo, akala. Alikula sahani yote. Aliporudi ofisini kwetu hakuuliza habari za batiki hata mara moja.

Miezi kadhaa baadaye tukafungua kioski cha maji. Kwa nini sina picha ya siku ile? Tatu ndiye aliyefungua koki, na maji yakatoka kwa nguvu ambayo fundi hakuitarajia, yakamlowesha Mzee Mponda kuanzia kofia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka madereva wa malori wakazima injini wajue kuna nini. Nilicheza. Mimi, niliyefundishwa kwamba mtumishi hachezi kazini, nilicheza na ndoo kichwani.

Sasa nije kwenye ramani, maana nasikia huwa mnawasimulia wageni vibaya.

Haikuwa wazo langu. Mvua moja ya masika maji yalipanda kidogo bondeni, na mablanketi ya msaada yakaletwa. Yaliishia kwa watu wa karibu na barabara. Waliokuwa ndani zaidi, wazee na wagonjwa, hawakuyaona. "Msaada nao unapenda viatu vyake," Mzee Mponda alisema, "hauingii kwenye tope." Akachukua kalenda kuukuu za ukutani, akaziunganisha kwa gundi, upande mweupe juu, mpaka ikawa karatasi kubwa kama shuka. Kisha akaniambia nikaichore na Tatu.

Niliona ni mchezo wa watoto. Tulitembea bonde zima, nyumba moja baada ya nyingine, Tatu akisema, mimi nikichora. Kila nyumba yenye mtu asiyeweza kutoka mwenyewe tuliweka doti nyekundu. Kipofu, mzazi mwenye kichanga, mgonjwa wa kulala. Doti ya Bi Mwanaidi, mama yake Tatu, ilikuwa ya kwanza. Zilipofika kumi nikaacha kuona mchezo.

"Kila mwezi utapita tena," Mzee Mponda aliniagiza. "Watu wanahama, wanazaa, wanavunjika miguu. Ramani ya mwezi uliopita ni hadithi."

Nilipita kila mwezi. Baadaye mzee akastaafu, akarudi kwao Masasi, nami nikaendelea kupita. Miaka ikapita hivyo. Nikawa naitwa kwenye semina kueleza ramani yetu, na watu wakapiga makofi. Semina huwa na ripoti, na ripoti huwa na tarehe za mwisho. Mwaka ule wa mafuriko makubwa nilikuwa nimeruka miezi miwili.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imeshapungua mjini. Wageni wa mji huu hawajui kwamba hapo ndipo pa kuogopa, kwa kuwa maji ya vilima vya Pugu yanakuwa bado njiani. Saa mbili simu yangu ililia. Ni Tatu.

"Da' Somoe, mto umehama."

"Umehamia wapi?"

"Uko barazani kwangu."

Nikakunja ramani, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikakimbia. Nilipofika ukingoni mwa bonde nilisimama kama nimepigwa kofi. Vichochoro nilivyovijua kwa miguu yangu vilikuwa vimekuwa mto mmoja wa rangi ya chai ya maziwa. Watu walikuwa wanapanda na magodoro, na jiko, na kuku kwapani. Waliopanda ni wenye miguu. Waokoaji walikuwa upande wa pili wa bonde, kazi imewaelemea. Tatu alikuwa amesimama kwenye maji ya kiunoni, anapaaza sauti kuelekea kwa mama yake, "Nakuja! Usishuke kitandani! Nakuja!"

Nilifungua ramani. Doti kumi na saba. Sisi tulikuwa wanawake wawili.

Na hapo, sijui lilitoka wapi, wazo likanijia nikacheka kwa sauti, watu wakanitazama. Katika mji huu mzima, nani anajua kubeba?

Nilipanda Kariakoo mbio. Chande alikuwa ameshakuwa kiongozi wa makuli kwenye upande wake, na nilimkuta ameinama, gunia la vitunguu ndiyo linatua mgongoni.

"Chande! Nataka wabebaji!"

"Mzigo gani?"

"Watu. Jangwani."

Hakuuliza la pili. Alilishusha lile gunia, akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi ambao nadhani ulisikika Ilala. Wanaume wakaanza kutokea, nyuma ya malori, chini ya mikokoteni, wengine na chai mkononi. Tajiri mwenye vitunguu akaanza kufoka.

"Vitunguu vyako viko mlimani, tajiri," Chande akamwambia, "vitasubiri." Tukashuka.

Nimefanya kazi karibu miaka thelathini, na saa zile tatu ndizo ningechagua kuziishi tena, pamoja na hofu yake yote. Niliketi juu ya ukuta mfupi na ramani mapajani, nikasoma kwa sauti. "Nyumba ya tatu baada ya msikiti, mzee kipofu, mlango unafungukia nyuma!" Tatu, aliyejua bonde kuliko karatasi, alikuwa anaelekeza kwa mkono. Makuli walifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, wakaingia wawili wawili. Wale watu wanajua uzito. Wanajua kukanyaga mahali wasipopaona. Walibeba wagonjwa jinsi wanavyobeba magunia, kichwa kimeinama, mikono nyuma, hatua fupi fupi. Wakifika juu, mikokoteni ilikuwa inasubiri kuwapeleka shuleni.

Bi Mwanaidi alikataa. "Mimi mtu mzima nibebwe na mwanaume kama gunia? Sitaki!"

"Mama," Chande akamwambia akiwa amechuchumaa kwenye maji mbele ya kitanda, mgongo ameutoa, "gunia lina kilo mia na zaidi na halijawahi kuniombea dua. Wewe panda, uniombee."

Akapanda. Alimwombea dua kwa sauti njia nzima, na kati ya dua na dua alikuwa anamkemea asimwangushe.

Kila aliyetoka nilikuwa naweka alama. Kumi na tano. Kumi na sita. Ya kumi na saba alikuwa mzazi mwenye kichanga cha siku tisa; doti nilimwekea akiwa bado mjamzito. Kichanga kiliwasili ndani ya beseni kichwani kwa kuli mmoja, kimelala fofofo. Nilirusha mikono juu. Nililia, nilicheka. "Wote! Wameisha wote!"

Tatu akanishika mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Fundi viatu."

"Fundi viatu yupi?"

"Yule mgeni, Lameck. Nyuma ya kwa fundi seremala. Ana mguu mmoja mbovu. Hayumo hapo?"

Niliinamia karatasi ingawa nilijua. Hayumo. Alikuwa amehamia ndani ya ile miezi miwili.

Maji yalikuwa yamefika vifuani. Chande alikuwa amechoka hadi midomo imekuwa myeupe. Alimsikia Tatu, akanitazama mimi, akatazama maji. Kisha akaikamata kamba akarudi, na wenzake wawili nyuma yake. Wakapinda kona, tusiwaone tena. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Ubao ulipita ukielea, na sufuria, na mwamvuli uliofunguka vizuri kabisa kama kuna mtu chini yake.

Halafu vigelegele vikaanza, kwa wale waliokuwa wamesimama juu kuliko sisi. Wakatokea! Lameck alikuwa amekaa mabegani kwa Chande, maji yakimfikia magotini, na kwa mikono miwili alikuwa ameinua juu sanduku lake la nyundo na sindano. Walimkuta juu ya meza, meza juu ya kitanda. Ukingo mzima ulilipuka kama goli limefungwa dakika ya mwisho. Watu wasiojuana walikumbatiana.

Lameck alipofikishwa kwenye ukuta wangu alisema, "Asanteni." Kisha akaitazama ile ramani kwa muda mrefu, doti moja baada ya nyingine. Nikaikunja.

Baada ya hapo tulikuwa maarufu. Wageni walikuja, nikaeleza ramani, nikaeleza makuli. Habari za Lameck nilizieleza kama mfano wa moyo wa kujitolea wa jamii. Ile miezi miwili sikuitaja kwenye ripoti yoyote.

Kisha wafadhili wakaondoka. Hawakugombana na sisi. Walihamia mkoa mwingine ambako, kwa maneno ya barua yao, umaskini ulikuwa unapimika vizuri zaidi. Mwenye nyumba naye alikuwa anataka kubomoa ajenge ghorofa la maduka. Wenzangu wawili wakapata kazi kwingine. Nilibaki peke yangu nikifungasha mafaili, na siwezi kusema nilikuwa na huzuni kuu. Nilikuwa nimechoka tu. Siku hiyo wakaingia Tatu na Chande.

"Nani kasema ofisi inafungwa?" Tatu akauliza.

Nikamwonyesha barua. Akaisoma taratibu, akampa Chande, naye akaisoma.

"Hii kaandikiwa nani?" Chande akauliza.

"Mimi."

"Basi wewe ndiye uliyeandikiwa. Sisi hatujaandikiwa."

Jumapili wakaita mkutano kioskini. Nilidhani watakuja watu ishirini. Vijana wangu, watu walijaa hadi barabarani! Mama lishe na aproni zao, makuli, wazee wa bondeni, wauza maji ya mikokoteni ambao kioski kiliwaharibia biashara, nao wakaja, tena wakazungumza vizuri kuliko wote. Hakuna aliyeomba msaada. Walibishana habari za vyumba viwili vilivyokuwa wazi juu ya duka la nafaka, na michango ya kulipia kazi, na zamu, na nani atapita bondeni kila mwezi. Nilisimama pembeni nikasikia maneno ya Mzee Mponda yakitoka kwenye vinywa vya watu ambao hawakuwahi kukutana naye. Jua lilipozama walikuwa na kamati, Tatu mwenyekiti, Chande makamu, Lameck katibu, maana ndiye mwenye mwandiko mzuri. Wiki iliyofuata mikokoteni mitatu ilihamisha ofisi nzima kwa safari moja. Mlango wa huko juu ni wa kahawia. Jina lilibaki lile lile, na hakuna aliyeona tatizo.

Siku chache baadaye nikaona karatasi imebandikwa mlangoni, mwandiko wa Lameck. "Anatakiwa mratibu. Awe anajua kutembea." Nikacheka.

"Usicheke," Tatu akasema. "Andika barua ya maombi."

"Tatu, mimi?"

"Kwani nafasi ni yako?"

Tuliomba watatu. Wawili walikuwa na shahada. Nilivaa gauni langu la Idi, nikapanda ngazi, nikakaa mbele ya watu ambao kwa miaka yote nimewaita kwenye ripoti zangu "walengwa". Jasho lilinitiririka kuliko siku ya mtihani wa darasa la saba.

Chande akaanza. "Makuli kumi uliowauliza siku ile walikula nini?"

"Uongo niliowalisha mimi."

Akaguna, akaandika kitu. Tatu akafuata.

"Ulikuja kwangu mara nne. Ni mara ya ngapi uliponiuliza ninachotaka?"

Nilifikiri sana. Nilitamani kusema ya nne. "Hakuna," nikasema. "Sikuwahi kukuuliza. Ulinieleza mwenyewe."

Lameck alikuwa wa mwisho. Aliweka kalamu chini kwanza.

"Dada Somoe, siku ya mafuriko mimi sikuwemo kwenye ramani. Kwa nini?"

Chini dukani mtu alikuwa anapima mahindi. Nilisikia punje zikimwagika kwenye mizani. Nilikuwa na majibu ya semina manne au matano. Nikayaacha yapite.

"Kwa sababu kwa miezi miwili sikupita. Nilikuwa ofisini naandika ripoti kuhusu ramani."

Wakaniambia nisubiri nje.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshakubali, na cha ajabu nilikuwa mwepesi, mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Baada ya muda Tatu akatoka, na Lameck nyuma yake na mkongojo.

"Umepata," Tatu akasema. "Kura mbili kwa moja."

Sikuweza kujizuia. "Nani kanikataa?"

"Mimi. Nilimtaka yule binti wa shahada, anatembea haraka kuliko wewe. Huyu hapa ndiye aliyekupigania."

Nikamgeukia Lameck. Akainua mabega.

"Wale wengine wawili niliwauliza wangefanya nini mtu akikosekana kwenye ramani," akasema. "Wote walisema haiwezekani."

Niliwafanyia kazi wale watatu kwa miaka mingi, na kila mlichonikuta ninakijua, vijana wangu, nilikijua kuanzia hapo. Jumatatu nilifika saa moja kasoro dakika kumi, nikijiona nimewahi. Mwenyekiti alikuwa ameshafika, ameshafagia vyumba vyote viwili, anasubiri mlangoni na orodha ya nyumba za kupita siku ile. Tatu na mimi tumezaliwa mwaka mmoja. Nikasimama wima, nikamwamkia, "Shikamoo, mwenyekiti."

Akaitikia marahaba, bila hata kutabasamu, akanipa orodha.